Bwawa la Watu 31

Kibao kilikuwa ukutani, karibu na mabomba ya kuogea. Mstari wa kwanza: oga kabla ya kuingia. Wa pili: usiingie kama unahara, unatapika au una homa. Wa tatu: watoto wa nepi hawaruhusiwi. Wa mwisho, chini kabisa: mwisho watu 31. Kila alfajiri nilikipangusa chumvi kibao hicho, na sikuwahi kumwona abiria aliyesimama akakisoma mpaka chini. Sishangai. Mimi mwenyewe nilimaliza mkataba mzima wa kwanza sijui hiyo 31 imetoka wapi. Nilidhani mtu alisimama pale akalikadiria bwawa kwa macho, akasema aah, thelathini na moja wanatosha.

Ninachokieleza hapa kilitokea kwenye mkataba wangu wa pili, mwezi wa Julai, kwenye meli ya familia iliyokuwa ikitoka Florida kwa mizunguko ya siku saba katika bahari ya Karibi. Nilikuwa mhudumu wa bwawa: kupanga viti, kugawa taulo, kupima maji, kuvumilia. Kampuni siitaji. Nimekaa na kisa hiki muda mrefu, nikakirudia saa kwa saa, kwa sababu siku ile kila mtu alikasirikia kitu kimoja, yaani bwawa kufungwa, na kufungwa ndilo jambo pekee tulilolifanya sawasawa.

Nimetaja Julai kwa makusudi. Ukubwa wa meli hizi huhesabiwa kwa watu wawili kila chumba, lakini vyumba vingi vina kitanda cha kushusha ukutani au kochi linalogeuka kitanda. Shule zikiwa wazi, vitanda hivyo havina watu. Shule zikifungwa, vinajaa watoto. Chukua Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024: kwa hesabu ya wawili wawili inabeba abiria 5,610, na vitanda vyote vikipata mtu ni 7,600. Mabwawa yake ni saba mwezi wa Oktoba, na Julai ni yale yale saba. Meli yetu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, na mabwawa yalikuwa mawili tu, moja la familia na moja la watu wazima, na jakuzi mbili katikati, yaani vidimbwi vya maji moto yenye mapovu. Ile ziada ya watu huioni kwenye chumba cha kulia, maana kule watu hula kwa zamu. Utaiona bwawani, siku ambayo meli haigusi bandari, jua limepanda, na kila mtoto aliyemo melini anataka kitu kimoja.

Ilikuwa siku ya pili ya safari, siku ya bahari tupu. Saa nne asubuhi nilipima maji ya bwawa la familia: klorini huru, yaani dawa ambayo bado haijatumika, 2.6; pH, kipimo cha uchachu wa maji, 7.4. Nikaandika daftarini. Meli zinazoingia bandari za Marekani kutoka nchi za nje ziko chini ya mpango wa usafi wa meli wa CDC, kile kituo chao cha kudhibiti magonjwa, uliopo tangu miaka ya 1970. Bwawa la kawaida linatakiwa liwe na klorini huru kati ya miligramu 1 na 5 kwa lita, na pH kati ya 7.0 na 7.8. Wakaguzi hupanda bila kupiga hodi, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na alama wanazotoa kati ya 100 hutangazwa hadharani. Meli ikipata 85 au chini ya hapo, imefeli. Kwa hiyo daftari lile tuliliheshimu kuliko pasi zetu za kusafiria.

Saa nne na robo nikamwona mtoto. Umri wa miaka miwili hivi, amevaa nepi ya kuogelea yenye picha za samaki, mama yake amempakata kwenye ngazi ya maji huku akimwangalia kaka mtu, wa miaka sita hivi, aliyekuwa anaruka na kuibuka katikati ya kundi. Nilijua sheria. Nilitakiwa nimsogelee yule mama, nichuchumae, nimwambie kwa upole. Nikageuza uso nikaenda kukunja taulo.

Sina budi kueleza kwa nini, maana hapa ndipo kisa kilipoanzia. Kwanza ni dodoso. Mwisho wa safari kila abiria huulizwa amehudumiwaje, na jina lako likitajwa kwa ubaya, utaitwa ofisini. Pili, nilimwonea huruma. Mahali pa watoto wa nepi palikuwepo melini, kidimbwi cha kina cha kifundo cha mguu chenye pampu yake na chujio lake, lakini kilikuwa sitaha nyingine, upande wa nyuma. Mama aliye peke yake na mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miaka sita atakaa wapi? Akienda kule, huyu mkubwa anaogelea bila mtu wake. Akikaa hapa, mdogo amevunja sheria. Mchoraji wa meli aliwatenganisha watoto kwa nepi zao bila kufikiria kwamba mama yao ni mmoja. Na ile nepi ya kuogelea, ambayo wazazi wengi huiamini, huzuia kilicho kigumu tu. Majimaji hupita.

Saa tano kasoro dakika kumi nikasikia sauti ya mwanamume ikipanda, kisha maji yakipigwa na watu wengi kwa pamoja. Nilipofika ukingoni, pale ngazini pamefanya wingu la rangi ya chai ya maziwa, linatanuka taratibu, na ncha yake moja imeshaanza kunyooka kufuata mkondo kuelekea kwenye tundu la pampu. Hiyo ncha ndiyo ninayoikumbuka. Nilipuliza filimbi, nikawatoa watu, nikapiga simu. Baadaye afisa alirudisha picha za kamera akahesabu vichwa vilivyokuwa majini dakika moja kabla. Vilikuwa 58.

Swali la kwanza aliloniuliza injinia wa pili, Mfilipino mmoja wa makamo asiyepoteza maneno, lilikuwa hili: kigumu au kuhara? Nikamwambia kuhara. Akashusha pumzi.

Hapo ndipo kazi ya bwawa inapoachana na kazi ya ufagio. Kinyesi kigumu unakitoa, unapandisha klorini mpaka 2, pH isizidi 7.5, maji yasiwe baridi chini ya nyuzi 25, unasubiri dakika 25, unafungua. Muda huo unatosha kumuua kimelea wa Giardia, na vilivyo dhaifu kuliko yeye vinakufa mapema zaidi. Katika klorini ya 1, ile bakteria E. coli ya hatari haimalizi dakika moja. Kirusi cha homa ya ini aina ya A huchukua kama dakika 16, Giardia kama 45. Lakini kuna kimelea mwingine, Cryptosporidium, mwenye gamba gumu, ambaye katika klorini hiyo hiyo anaishi zaidi ya siku kumi. Ndiye anayefanya kuhara kuwe na sheria yake. Hesabu ya CDC ni kuzidisha nguvu ya dawa kwa dakika: lazima upate 15,300. Ukiweka klorini 20, unahitaji dakika 765, yaani saa 12 na dakika 45. Hakuna njia ya mkato, wala si suala la maji kuonekana meupe. Robo saa baada ya tukio maji yetu yalikuwa yanang'aa, na ungeweza kuona vigae vyote vya chini.

Meneja wa huduma za abiria alitaka tumwage maji baharini, tujaze upya, tufungue saa tisa. Kwa masikio ya abiria hiyo ingekuwa habari njema. Injinia akakataa. Ile ncha ya wingu niliyoiona ilikuwa imeshaingia kwenye chujio la mchanga kabla sijapiga simu. Ukijaza maji mapya, yatapita kwenye mchanga ule ule, na mchanga wenyewe hauwezi kukinasa kimelea kidogo kiasi kile chote. Akataka klorini 20 na pampu iendelee kuzungusha, dawa ipite kila mahali, mchangani mwenyewe, kisha chujio lioshwe kwa kurudisha maji kinyume na uchafu wake umwagwe nje, usirudi bwawani. Mpaka madawa yamepimwa na kiwango kimefika, ilikuwa saa saba mchana. Maana yake bwawa la familia lingeiva saa nane kasorobo usiku, na bado klorini ishushwe chini ya 5 kabla mtu hajaingia. Siku nzima ya bahari, ndiyo imekwenda.

Tangazo la spika likasema bwawa limefungwa kwa matengenezo ya kawaida.

Tangazo hilo lilitugharimu kuliko yule mtoto. Watu 58 walikuwa wamejionea kwa macho yao, na wote wana simu. Ndani ya nusu saa meli nzima ilikuwa inajua mambo mawili: kwamba kuna kinyesi bwawani, na kwamba sisi ni waongo. Tungesema ukweli kwa sentensi mbili, mama yule pengine angekwenda zahanati mwenyewe mchana ule ule, na wale waliokuwa majini wangejua cha kuangalia miilini mwa watoto wao siku zinazofuata. Badala yake kila mtu alianza kukisia, na mchana kutwa niliitikia swali lile lile kwa jibu nililopewa, huku najiona mjinga.

Kosa la pili hatukuliona likija, ingawa mtu yeyote aliyewahi kufunga barabara moja Mombasa siku ya kazi angeliona. Watu hawakuondoka. Walihamia bwawa la wakubwa, ambalo kibao chake kilisema 24. Hatukuweka mtu mlangoni, hatukugawa zamu, hatukufungua michezo ndani ili kuwavuta watoto. Saa sita nikapima lile bwawa: 1.4. Asubuhi lilikuwa 2.8. Saa saba: 0.8. Chini ya moja hamna mjadala, nikalifunga nalo. Kwa hiyo saa saba mchana, siku yenye watu wengi kuliko zote, meli haikuwa na bwawa hata moja lililo wazi.

Nani aliimaliza ile klorini? Hakuna aliyejisaidia humo. Walikuwa watu tu, na jasho lao, mafuta waliyojipaka kwa ajili ya jua, vipodozi, na mkojo, maana tusijidanganye. Klorini huru ndiyo inayoua vijidudu, na kila ikikutana na uchafu wa mwili inajifunga nao na kuacha kuwa askari. Ikijifunga na jasho na mkojo inazaa kloramini, na kloramini ndiyo inayochoma macho na kutoa ile harufu kali ambayo watu huiita harufu ya klorini. Baba mmoja alisimama karibu nami saa sita na nusu, akavuta pumzi, akaniambia: hapa ndipo panaponukia usafi. Nilikuwa nimetoka kupima. Nilimjibu ndiyo, bwana. Kuoga dakika moja tu kabla ya kuingia huondoa sehemu kubwa ya uchafu huo, na ndiyo maana mstari wa kwanza wa kibao si adabu, ni hesabu.

Wakati nalifunga hilo la pili, kuna sauti ikaniita kutoka kwenye kiti cha kivulini.

"Uko Mukenya?"

Vitambulisho vyetu vifuani huandikwa jina na nchi. Nikageuka. Mama wa umri wa kuweza kunizaa mara mbili, kitambaa kichwani, miguu kwenye ndoo ya barafu aliyoiomba baa.

"Ndiyo, mama. Wa Mombasa. Shikamoo."

Akacheka. "Marahaba. Hiyo ni ya kwenu ya pwani. Siye Bukavu, kule Kongo, tunasema jambo tu." Kisha akanionyesha bwawa kwa kidevu. "Banasema matengenezo. Mimi nimeona ule mutoto."

Nikanyamaza.

"Mimi sina neno na mutoto," akasema. "Mutoto ni mutoto. Lakini tangu asubui niko nahesabu bajukuu bangu bane. Mara mbili nimepata batatu. Na hawakutoka mu mayi."

Sijasahau. Sisi wote tulikuwa tunazungumza juu ya wingu lile la chai ya maziwa, na yeye peke yake alikuwa anazungumza juu ya vichwa. Mtoto anayezama hapigi kelele. Katika maji yenye watoto 20 anapotea huku watu wote wanamtazama. Disney iliweka waokoaji kwenye mabwawa ya meli zake mwaka 2013, Royal Caribbean ikafuata 2017. Sisi tulikuwa na kibao kingine kinachosema hakuna mwokozi, oga kwa hiari yako.

Usiku, tukiwa kwenye chumba cha pampu tunasubiri saa zipite, nikamuuliza injinia ile 31. Akachukua kipande cha boksi la madawa, akaandika kwa kalamu ya wino mzito. Pampu ya bwawa la familia ilikuwa inasukuma lita 600 kwa dakika. Kanuni ya CDC kwa meli inataka kila mwogaji mmoja awe na lita 19 za maji yanayopita kwenye chujio kila dakika. Gawa 600 kwa 19. Jibu ni 31 na kitu, na kile kitu hukatwa.

Nilikaa nikitazama lile boksi. Miezi yote ile nilikuwa nikidhani kibao kinazungumza juu ya nafasi, kumbe kinazungumza juu ya pampu. Bwawa lilikuwa mita 7 kwa 5, kina cha wastani mita 1.2, yaani lita 42,000, na pampu iliyazungusha maji yote kila baada ya dakika 70. Ukiwatazama watu 58 mle, utaona bado kuna pengo hapa na pale, mtoto anaweza kurusha mpira. Lakini mgao wa kila mmoja ulikuwa umeshuka mpaka lita 10. Chujio na dawa vilikuwa vinakimbizana na uchafu na kuachwa nyuma tangu saa tatu asubuhi, kabla ya nepi yoyote kuvuja. Ile 2.6 niliyoiandika saa nne ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa inashuka, na mimi niliisoma kama kitu kilichosimama.

Nililelewa Likoni, na kwa sisi kuogelea ni bahari. Siku ya Idd, ufuo wa Pirates hujaa mpaka huoni mchanga, watu na matairi ya kukodi, na hakuna anayeuliza maji yatatosha watu wangapi. Yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila yakipwa yanaondoka na ya kwetu. Nadhani hapo ndipo jicho langu lilipofundishwa vibaya. Bwawa la meli limezungukwa na bahari pande zote, na abiria nao hulitazama kana kwamba ni kipande cha bahari kilichopandishwa juu. Kumbe ni karai. Mawimbi yake ni ile pampu moja.

Jakuzi zilikuwa na hadithi yake, na hapo naweza kusema tulibahatika. Mabwawa mawili yalipofungwa, watoto walijazana jakuzi. Kila moja iliandikwa watu 8. Nilikuta moja ina 14, wengine wamekaa ukingoni miguu ndani, kicheko tupu. Sikuona ubaya. Injinia alipopita akaniamuru nizitoe watu zote mbili papo hapo, na alikuwa mkali kuliko asubuhi. Usiku ule akaniambia sababu kwa neno moja: Horizon.

Kisa cha Horizon kiko wazi katika maandiko ya kitabibu. Ilikuwa meli ya Celebrity Cruises iliyokuwa ikitoka New York kwenda Bermuda. Julai 1994, idara ya afya ya New Jersey iliarifiwa juu ya wagonjwa wa homa ya mapafu ambao wote walikuwa wametoka kwenye meli hiyo. Wachunguzi walirudi nyuma safari kwa safari wakakuta wagonjwa kwenye safari tisa, zilizoondoka kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Julai. Hesabu ilifika watu 50, 16 wakithibitishwa na 34 wakihesabiwa kuwa karibu na hakika. Mmoja alifariki. Ugonjwa ulikuwa wa Legionella, bakteria anayependa maji ya uvuguvugu na anayemfikia mtu kwa matone madogo ya hewani, si kwa kumeza. Chanzo kilikuwa jakuzi. Kwa aliyeingia majini, kila saa moja ya kukaa iliongeza hatari kwa asilimia 64. Na waliokaa pembeni tu, bila kulowesha hata kidole, nao waliugua zaidi ya wenzao ambao hawakufika pale. Bakteria mwenyewe alipatikana mahali pamoja: ndani ya mchanga wa chujio la jakuzi.

Ukiijua Horizon, kanuni nyingi za jakuzi zinazoonekana za kuwasumbua watu zinaeleweka. Klorini yake lazima iwe kati ya 3 na 10, juu ya ile ya bwawa, kwa sababu maji ni machache, ni ya moto mpaka nyuzi 40, na mapovu yanaipeperusha dawa. Kila siku inapandishwa mpaka 10 kwa saa moja bila mtu ndani. Maji hubadilishwa kila saa 72, na mchanga wa chujio kila miezi 12. Watu 14 kwenye jakuzi ya watu 8, baada ya saa nzima ya jua, wanaitoa dawa yote hewani na kuacha supu. Nilipopima baada ya kuwatoa, moja ilikuwa 1.9. Haikutokea kitu. Lakini ile siku tungeweza kuanza na tumbo la mtoto mmoja tukamalizia na mapafu ya wazee waliokuwa wamekaa pembeni wakisoma vitabu.

Sasa yule mama. Alijitokeza zahanati jioni, mtoto amelegea. Habari zilizotufikia sisi wa sitaha ni kwamba mtoto alianza kuhara usiku wa kwanza, na mama hakusema. Kwenye fomu ya afya ya kupandia meli, mtoto alikuwa mzima, na hakudanganya. Usiku ule alikuwa ameshaona maelekezo ya chumbani: mwenye kuhara au kutapika aripoti, na atakaa chumbani mpaka zipite angalau saa 24 tangu dalili kuisha. Katika safari ya siku saba iliyolipiwa kwa mafungu, na watoto wawili, na baba hayupo, hiyo ni siku mbili za ukuta. Akachagua kungoja aone kama litapita. Nimesikia wenzangu wakimwita mchafu. Mimi siwezi. Kwa upande wa meli, kila mgonjwa wa tumbo huandikwa. Wakifika asilimia 2 ya abiria taarifa maalumu hutumwa, na wakifika 3 mlipuko huwekwa hadharani. Meli inataka kujua, na inaogopa kujua. Abiria anaogopa kusema. Kati ya hofu hizo mbili ndipo mtoto mwenye nepi ya samaki alipoingia majini.

Nilipoulizwa na afisa wa usafi niandike ningefanya nini tofauti, niliandika yangu kwanza: ningemwendea yule mama saa nne na robo, na nisingemwambia tu "hairuhusiwi", ningemtafutia mtu wa kumwangalia mkubwa au ningempeleka na mkubwa wake kule nyuma. Kisha nikaandika kwamba kibao cha 31 kiwe na mtu. Bangili za rangi za zamu, kamba mlangoni, chochote, lakini mtu anayehesabu, siku za bahari, Julai na Desemba. Na bwawa likifungwa, la pili lihesabiwe tangu dakika ile ile, na tangazo liseme ukweli. Hoja ya bangili ilirudi na jibu kwamba abiria hawatapenda kuwekewa foleni likizoni. Hoja ya kuhesabu la pili ilikubaliwa. Ya tangazo la ukweli haikujibiwa.

Siku ya tano tulikuwa Cozumel. Bandarini meli huwa tupu, kila mtu ameshuka kununua kofia. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimechuchumaa ukingoni na kichupa cha kupimia, nasubiri rangi itulie, nikasikia viatu vya kuvuta. Mama wa Bukavu, na wajukuu wanne nyuma yake wamebeba taulo. Akawapeleka bombani mmoja mmoja wakaoga, akawaachia.

"Leo iko ngapi?" akaniuliza.

"Mbili nukta tisa, mama."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Naulizia batu."

Nikageuka nikahesabu. "Tisa. Pamoja na wako."